Nilipokuwa Neptuni

Mwalimu Shaame aliingia darasani na fenesi,
zima, la miba butu, limemchafua kanzu kwa utomvu,
akalibwaga mezani: Hili jua.
Tukacheka. Yeye hakucheka.

Akatoa mfukoni karafuu moja kavu,
akakinyofoa kichwa, kile kijitufe,
akakiweka kiganjani mwa Asaa: Hii dunia.
Makka imo humu. Konde imo humu. Na bahari zote.
Hesabu hatua arubaini na tatu, usimame.
Mwezi? Chembe ya haradali,
nusu shubiri kutoka kwenye karafuu.
Huko ndiko binadamu alikofika,
akarudi akajisifu.

Basi akagawa. Zuhura, karafuu ya pili.
Mshtarii, ndimu, mlangoni kwa duka la Seif.
Zohali, ndimu ndogo iliyovishwa pete ya ukili
aliyoisuka mkewe usiku, bila kuuliza ya nini.
Na mimi, kwa kuwa mdomo wangu haukujua kupumzika,
nikapewa kunazi:
Mize, wewe Neptuni. Njia ya Ngezi,
hatua elfu moja na mia tatu. Nenda.

Nilikwenda.
Nilipita majamvi ya karafuu zilizoanikwa kando ya barabara,
dunia kwa maelfu, na kuku wanazidonoa.
Hatua ya mia tisa nilikosea, nikarudi nyuma, nikaanza upya
kutoka kwenye mnazi uliokatika kichwa.
Nikafika. Nikasimama.
Skuli haikuonekana. Fenesi ndiyo usiseme.

Mama mmoja na mzigo wa kuni akaniuliza:
We mtoto, wamsubiri nani?
Simsubiri mtu. Mie sayari.
Akaniombea dua, akaenda zake.

Alasiri ikapita. Njaa ikanijia.
Nikaila Neptuni.
Ilikuwa chachu kidogo upande mmoja.
Kokwa nikaibakisha mkononi,
maana sayari haiachi zamu yake.

Magharibi popo wakatoka msituni,
wakubwa, wekundu kifuani, wanapiga mbawa polepole
kama watu wanaokung'uta mikeka.
Halafu giza; na Konde wakati ule haikuwa na taa za kuliharibu.
Zikaja nyota, kwanza kwa hesabu, kisha bila hesabu,
kisha lile wingu jeupe lililolala toka kusini kwenda kaskazini,
ambalo nyumbani tukiliona tu,
hakuna aliyetwambia kuwa ni mji, na sisi tumo ndani yake,
mtaa wa pembeni.

Mwalimu alikuja na baiskeli, tochi mdomoni.
Alikuwa amenisahau. Alisema hivyo hivyo, hakupamba:
Mwanangu, nimekusahau.
Kumbe saa tisa na nusu walilipasua jua,
wakalila, darasa zima, hata mlinzi.
Mimi nimelisimamia jua ambalo halipo.

Akatazama saa yake. Akaanza kucheka, peke yake, barabarani.
Mize, nuru ikitoka kwenye jua
huchukua muda wa saa nne kufika Neptuni.
Umepata habari kwa wakati wake.
Akanipa kipande alichokificha kwenye jani la mgomba.
Jua lilikuwa tamu, likanigandisha vidole.

Nikamuuliza fenesi la pili liko wapi, nyota ya jirani.
Wete? Tanga?
Japani, akasema.
Na baina yake?
Hakuna kitu. Kula.
Na yale mengine, lile wingu zima?
Mafenesi zaidi ya bilioni mia moja, akasema,
na sauti yake ikapungua, kama mtu aliyetaja deni.

Sayari yangu haionekani kwa jicho tupu. Nimeshazoea.
Usiku umeme ukikatika hutoka uani,
nikaelekeza uso upande ninaodhani ipo,
nikaisalimia.
Yenyewe huzunguka jua mara moja
kwa miaka mia moja na sitini na tano yetu.
Wanangu wananiita mzee; nina arubaini na moja.
Kwa hesabu ya Neptuni
mimi kitoto cha miezi mitatu,
shingo ndiyo kwanza inakaza,
kukaa bado.